Basenji Arusha: tusilete jozi, tulete ukoo

Kila baada ya muda swali linarudi kwenye makundi ya WhatsApp ya wafuga mbwa wa Arusha na Moshi: nani atatuletea Basenji? Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, wameshazoeleka Njiro, Jemani Shepadi wamejaa Sakina na Shanty Town, na sasa watu wanamtaka yule mbwa mdogo wa kuwindia kutoka misitu ya Kongo, mwenye masikio wima, paji lenye mikunjo na mkia uliojiviringa juu ya mgongo, mbwa asiyebweka. Mpango nao ni uleule kila mara. Tuchange, tuagize dume na jike Ulaya, washukie uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), wazae, watoto tuuze.

Mimi namtaka mbwa huyu hapa kwetu kwa moyo wote, na ndiyo sababu naupinga mpango huo. Jozi moja haianzishi mbegu ya mbwa. Inaanzisha familia moja, na familia moja ikifungiwa peke yake haifiki mbali.

Tupige hesabu. Jike wa Basenji, tofauti na mbwa wengi, huingia joto mara moja tu kwa mwaka, na uzao wake kwa kawaida ni watoto wanne hadi sita. Tuseme jozi yetu imezaa watano, wakagawanywa kati ya Usa River, Moshi na Arusha mjini. Baada ya miaka miwili mwenye dume anatafuta jike wa kupandisha. Majike wote waliopo nchini ni mama yake na dada zake. Kuagiza mwingine ni gharama, kwa hiyo atampandisha dada. Watoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa wastani, katika kila sehemu nne za urithi wao moja huwa na nakala mbili zilezile zilizotoka kwa babu au bibi yuleyule. Kama nakala hiyo ina kasoro, hakuna nyingine ya kuifidia. Mfugaji wa mbuzi Kibosho analijua hili bila maabara. Haachi beberu akae zizini mpaka awapande watoto wake. Anabadilishana na wa kijiji kingine. Kwa mbwa aliyenunuliwa kwa fedha nyingi tunaliacha jambo hilihili tunalolifanya kila siku kwa mbuzi.

Wanaodhani nazidisha waangalie Norwe. Huko kuna mbwa anaitwa Lundehund, mwenye vidole sita kila mguu, aliyefugwa kwa karne nyingi ili kukamata ndege wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo ya majabali. Kazi yake ilipokwisha, alibaki zaidi katika kijiji cha Måstad, kisiwa cha Værøy. Kisha ikaja distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kufikia 1963 walikuwa wamebaki mbwa sita tu, na watano kati yao walikuwa wa mama mmoja. Watu waliwaokoa kwa uvumilivu mkubwa, nami nawaheshimu kwa hilo, na leo mbwa hao wapo kwa mamia. Lakini wengi wanasumbuliwa na ugonjwa wa utumbo unaowafanya wapoteze protini, na uzazi wao ni hafifu. Katika miaka ya 2010 Wanorwe walilazimika kuanza kuwachanganya na mbegu nyingine za kaskazini ili kuingiza damu mpya. Hawa ni watu wenye maabara, vyama na fedha, waliobaki na mbwa sita bila kupenda. Sisi tunataka kuanza na wawili, kwa hiari yetu.

Historia ya Basenji mwenyewe inasema hivyohivyo. Wa kwanza kuonyeshwa Uingereza, kwenye maonyesho ya Crufts ya 1895, walikufa kwa distempa muda mfupi baadaye. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alitoa sita Sudan, wakafa baada ya kuchomwa chanjo ya distempa iliyokuwa bado ikijaribiwa. Mbegu ilishika mizizi baada tu ya Olivia Burn kufanikiwa kuwazalisha miaka ya 1930. Marekani waliingizwa jozi mwaka 1937, nao ugonjwa ukamaliza jike na watoto, akabaki dume aitwaye Bois. Mwenzi wake hakuagizwa na mtu. Ni jike aliyekutwa ndani ya meli ya mizigo kutoka Afrika Magharibi ilipotia nanga Boston mwaka 1941. Wazazi wa watoto wa kwanza wa Basenji kukua hadi utu uzima Marekani ni hao wawili.

Kwa hiyo damu ya mwanzo ilikuwa chache, na gharama yake ilionekana miongo kadhaa baadaye. Ugonjwa uitwao Fanconi ulienea ndani ya mbegu. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, protini na chumvi, vyote vikatoka na mkojo, na mbwa hukonda huku akinywa maji bila kukoma. Kibaya zaidi, dalili kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na miaka minne na kuendelea, wakati ameshazaa. Wazazi wawili wazima wanaobeba kasoro hiyo, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Basenji wa Marekani walifika mahali ambapo wafugaji waliamua kurudi Kongo. Mwaka 1987 na 1988 walikwenda Zaire ya wakati huo, wakarudi na mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 kitabu cha usajili kikafunguliwa kuwapokea, pamoja na rangi yao ya milia ambayo haikuwemo. Kipimo cha vinasaba cha Fanconi kilipatikana kwanza 2007, kikaboreshwa 2011. Leo unapangusa ute wa ndani ya shavu la mbwa kwa kijiti, unautuma maabara nje, jibu linarudi. Mtu anayekuuzia Basenji bila jibu hilo mkononi, usimpe hata senti.

Hapa kwetu kuna adui wengine ambao mbwa wengi wa Ulaya hawajawazoea. Kupe wa maeneo yetu wanaleta babesia na erlikia, magonjwa ya damu, na mbwa mgeni anaweza kuishiwa damu huku mwenye mbwa akidhani amechoka na safari tu. Ukishuka kwenye mapori yenye ndorobo hatari inaongezeka. Distempa bado ipo mitaani, na tusisahau kwamba mwaka 1994 ugonjwa huo ulitoka kwa mbwa wa vijijini ukaua takribani theluthi ya simba wa Serengeti. Anayeleta mbwa hapa anawajibika pia kwa wanyama wa porini na kwa mbwa wa jirani. Chanjo ya kichaa cha mbwa na distempa ni ya mbwa wote mtaani, akiwemo mbwa wa mlinzi wako. (Na baridi ya Julai, Basenji hachezi nayo. Mvua ndiyo anaichukia kabisa.)

Halafu kuna swali la kazi, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Basenji aliumbika akiwaswaga wanyama msituni kuelekea kwenye nyavu, amefungwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue alipo, kwa sababu habweki. Sisi Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, na ni haki iwe hivyo. Asitokee mtu wa kuachia Basenji wakimbize digidigi kando ya Mkomazi au ndani ya msitu wa Kilimanjaro na kuuita mchezo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaowinda na mbwa wao wanaishi kwa mawindo hayo. Sisi wa mjini hatuna sababu hiyo.

Lakini mbwa wa kuwindia akikaa bila kazi kwa vizazi kadhaa, mnabaki na sura yake tu. Kazi zipo. Hapo Usa River kuna kituo cha AWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori Afrika, kinachofundisha mbwa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine. Kituo kina mbwa wake, na sisemi Basenji atachukua nafasi yao. Nasema ujuzi wa kufundisha pua ya mbwa uko umbali wa daladala kutoka tulipo. Mashamba ya mahindi yaliyopakana na msitu yanasumbuliwa na nyani na ngedere kila msimu, na mbwa mwepesi mwenye macho makali, akiwa na mwenye shamba, ana shughuli ya kutosha. Na kuna mbio za chambo, ambapo kitambaa kinavutwa na mota uwanjani na mbwa wanakifukuza. Wafugaji wa Basenji nje wanazitumia ili hamu ya kufukuza isife.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kuanza na watu. Kaya sita au nane, Arusha, Moshi na wenzetu wa Nairobi, ambako ndiko yaliko makao ya East Africa Kennel Club, zikubaliane kabla mbwa hata mmoja hajapanda ndege. Kila kaya ilete mbwa wa ukoo tofauti: wengine Ulaya, wengine Marekani kwenye damu iliyochanganywa baada ya 1990, na angalau wawili kutoka Kongo yenyewe, iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na ambayo hakuna anayeitaja kwenye mipango yetu. Kitabu cha ukoo kiwe kimoja, nakala zikae kwa watu watatu tofauti, kiandike kila kupandisha, kila mtoto aliyezaliwa na aliyekufa, kila jibu la maabara, na chanzo cha kifo pale daktari wa mifugo alipokipata. Dume asipande jike bila kitabu kuangaliwa. Anayeshindwa kumtunza mbwa amrudishe kwenye kundi, asimuuze sokoni Kilombero.

Nimeshaulizwa, faida iko wapi? Kwa vizazi viwili vya kwanza haipo. Watoto wote wa miaka hiyo wabaki ndani ya kundi au waende kwa watu waliosaini masharti yetu, kwa bei ya kurudisha chanjo, vipimo na chakula. Jike anayezaa mara moja kwa mwaka hawezi kuwa biashara ya haraka bila mtu kumpandisha na kaka yake. Anayetaka fedha yake irudi ndani ya mwaka, Jemani Shepadi wapo tele.