Kwetu pumba ni za kuku, huku watu wanazilipia

Juzi, dukani hapa Aarhus, Denmark, nimesimama mbele ya rafu nikashindwa kuondoka. Zimepangwa pakiti za pumba za ngano. Pumba tupu, kama zile ambazo Dodoma mtu anaziacha mashineni, au anazibeba kwenye kiroba akawape kuku na nguruwe. Huku zina lebo nzuri, zimekaa jirani na oti na mbegu za kitani, na mama mmoja mtu mzima akachukua pakiti mbili akaenda zake kulipa. Nilifurahi, na papo hapo nikakasirika. Hiyo hasira ndiyo imenifanya niandike.

Najua kuna walioshaanza: "Haya, wa Ulaya ameamka." Tulieni kwanza. Mimi ni Mgogo wa Dodoma. Nimekuzwa kwa ugali wa uwele na wa mtama, mlenda pembeni, na bibi yangu hakuwahi kumhitaji Mzungu amwambie faida ya kula punje na ganda lake. Sikuja Denmark kujifunza nafaka nzima. Nilikuja nikiwa naijua. Kinachoniuma ni kwamba wenzetu wameipa heshima, sisi tumeivua heshima tuliyoikuta nayo.

Nafanya kazi jikoni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mchana tunaandaa rugbrød, mkate mweusi wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), mzito, una uchachu kidogo, na ukiukata unaziona punje nzima nzima ndani. Vipande viwili mtu kashiba mpaka jioni. Anaula profesa mstaafu, anaula na aliyekuwa fundi bomba, na hakuna hata mmoja anayeona amepewa chakula cha shida. Tangu mwaka 2008 serikali yao imeungana na chama cha saratani, cha moyo, cha kisukari, pamoja na waoka mikate na wenye maduka, wakaweka alama moja ya rangi ya chungwa kwa bidhaa za nafaka nzima. Alama hiyo haitolewi kwa sababu mkate una rangi ya kahawia. Lazima nafaka nzima ifike kiwango, na sukari, chumvi na mafuta visizidi. Watu wakaielewa, na ulaji ukapanda kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache.

Na si jambo la jana kwao. Vita Kuu ya Kwanza ilipobana njia za meli mwaka 1917, nafaka ya kutoka nje ilikatika. Daktari mmoja, Mikkel Hindhede, akaishauri serikali nafaka iliyokuwa ikilishwa nguruwe wapewe watu. Nguruwe wengi wakachinjwa. Watu wakala mkate wa rai uliochanganywa na pumba, uji wa shayiri, viazi na mboga za majani. Hindhede alichapisha matokeo mwaka 1920: katika mwaka huo wa dhiki vifo mjini Copenhagen vilipungua badala ya kuongezeka. Mara ya kwanza kuisoma habari hiyo nilinyamaza muda mrefu. Wao waliichukua pumba mdomoni mwa nguruwe wakaila. Sisi tunampa nguruwe, halafu tunapanga foleni hospitali kwa ajili ya sukari.

Nieleze na ya kwangu, maana mtauliza. Nilipofika huku nilinenepa haraka: kazi za zamu, mikate myeupe, vitumbua vyao vya siagi kila mapumziko ya kahawa. Nikarudi kwenye kile ninachokijua. Asubuhi uji wa oti bila sukari. Mchana rugbrød na kabichi au karoti mbichi. Jioni maharage au dengu, sukuma wiki nyingi (ipo, wanaiita grønkål, na msimu wa baridi imejaa madukani), na ugali wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, nikiipata. Kilo zimeshuka polepole, nguo za zamani zimerudi, na ngazi za kazini sizihofii tena.

Hakuna uchawi hapo. Ganda la nafaka lina nyuzinyuzi. Zinajaza tumbo, zinachelewesha chakula kusagika, sukari inaingia kwenye damu taratibu, na njaa inachelewa kurudi. Kiini nacho kina mafuta mazuri, vitamini na madini. Ukikoboa unaondoa vyote viwili unabaki na wanga. Ila tusidanganyane: mlima wa dona bado ni mlima. Mboga ndiyo inatakiwa ichukue nusu ya sahani, ugali upunguzwe.

Basi nikatuma picha kwenye kundi la familia. Mnajua kilichofuata. "Mwanangu, kuna nini huko?" "Mbona umeisha hivyo?" Mmoja akanifuata pembeni kuniuliza kwa upole kama nimepima. Nilipokuwa mnene nilisifiwa kwamba Ulaya imenikubali. Nilipopata afya nikaombewa.

Nilipoenda likizo nikamwomba shangazi anipikie dona na mlenda. Akanivuta jikoni, kwa sauti ya chini: "Mgeni ametoka Ulaya nimpe dona? Majirani watasemaje?" Nikaandaliwa pilau, chipsi, kuku wa kukaanga, soda, na mchicha kijiko kimoja ukingoni mwa sahani kama pambo. Naujua upendo uliokuwa kwenye sahani ile, nami nilikula na kumshukuru, kwa sababu shangazi ni shangazi. Lakini dona ilikuwepo ndani! Ilikuwa kwenye ndoo, nyuma ya mlango, ya kupikia vijana wa shamba.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Dona tumeifanya ya magereza, ya bweni, ya kibarua. Sembe nyeupe pe ndiyo ya mtu aliyefanikiwa. Tunalipa kukoboa, kisha tunalipa kusaga, na kilicho bora tunakiacha sakafuni mwa mashine. Mwaka 2011 serikali ikaweka kanuni za viwanda kurutubisha unga, kurudishia madini kama chuma na zinki. Jambo jema, na wanaofuatilia hilo nawaheshimu. Lakini chuma na zinki vilikuwemo kwenye hindi kabla hatujalipa viondolewe.

Sasa yupo atakayesema: "Dona ina sumukuvu," yaani sumu ya fangasi wanaoota kwenye mahindi. Hoja hii naipokea kwa uzito wote, kwa sababu mwaka 2016 watu walikufa, Dodoma na Manyara, kwetu kabisa. Ni kweli fangasi wale hushambulia zaidi ganda na kiini, na kukoboa hupunguza sumu. Kunapunguza, hakumalizi. Dawa iko shambani na ghalani: kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, yahifadhi yakiwa makavu kabisa, chambua, na yaliyooza au kubadilika rangi yatupe, usimpe hata kuku. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, unga wa dona huchacha mapema, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Bibi zetu walisaga cha siku.

Mwingine atasema: "Wewe una uchaguzi, sisi tunakula kinachopatikana." Ndugu yangu, gunia moja la mahindi linatoa dona nyingi kuliko sembe. Na mboga? Una matembele, mnafu, kisamvu, majani ya maboga, mchicha wa asubuhi wenye umande, vyote genge la jirani. Mimi kisamvu nakipata kwenye duka la Waasia kikiwa kimeganda kama jiwe, kwa bei ambayo nikimtajia mama yangu atalia. Kwa hili ninyi ndio matajiri, na nasema hivyo nikiwa na wivu wa kweli.

Wa tatu ni yule wa "unene si tatizo la Afrika." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 kati ya kila 100 wana kisukari, kama robo wana presha, na zaidi ya asilimia 97 hawali mboga na matunda ya kutosha. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hesabu mwenyewe kwenye ukoo wako tangu hapo, wangapi wamepooza upande mmoja, wangapi wamekatwa mguu.

Wala sisemi Wadenmark ni malaika. Wanakula nguruwe na siagi kupita kiasi, Ijumaa watoto wao wanajaziwa pipi mifuko mizima, na wanene wapo wengi. Sijaja kuwaabudu. Nataka tu lile moja walilofanya sawasawa, la kukiheshimu chakula kizima mezani pa kila mtu, tulifanye na sisi tulio na chakula chenyewe tayari.

Mama lishe, andika dona ubaoni kwa bei ile ile ya sembe, usiifiche. Kamati za harusi, wekeni ugali wa mtama na mlenda kwenye meza kuu, wakwe waone. Na wewe unayeandaa kuniambia nirudi nikaile hiyo dona mwenyewe: Desemba nakuja, na nimeshamtumia shangazi ujumbe kwamba nitaila sebuleni, majirani wakiwepo, na wao wapakuliwe.