Fomu haina mstari wa pampu

Kila mto Sabaki unapovunja kingo zake, Malindi nzima, hapa pwani ya Kenya, huwa na maneno yale yale: "Hawa watu wa bondeni hawasikii." Walitolewa 2018, wakapewa magodoro na unga, wakarudi. El Niño ya mwishoni mwa 2023 ikawatoa tena, wakarudi tena. Watu wamechoka kuchanga, serikali imechoka kugawa turubai, na wazo la kuwahamishia juu moja kwa moja, mbali na mto, linazidi kupata wafuasi, hata miongoni mwa wenyeji waliozaliwa kwenye mashamba hayo hayo.

Wazo hilo lina uzito wake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, Bonde la Ufa, maji yalizoa watu wakiwa wamelala, na makumi wakafa kabla ya kupambazuka. Sabaki hauna kasi ya namna hiyo huku chini, lakini huja na mamba na viboko, huzamisha vyoo na visima pamoja, na ukishashuka kipindupindu hakikawii. Shule hugeuka kambi, na watoto hukosa masomo kwa wiki kadhaa. Anayesema uhai kwanza, mashamba baadaye, hajakosea.

Ninachogombana nacho ni hesabu inayotumiwa kuthibitisha wazo hilo.

Mwaka huo wa 2018, maji yalipopungua, niliandamana na vijana wawili waliotumwa kuandika hasara katika kijiji kimoja upande wa Magarini. Walikuwa waungwana, wamechoka, tope limewaganda hadi magotini. Wakafika kwa mama mmoja wa makamo. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu." Wakauliza: watu wangapi hapa? Nyumba imeanguka yote au nusu? Choo je? Mbuzi wangapi wamekufa? Mama akajibu yote. Kisha akawapeleka chini ya mwembe, akawaonyesha pampu yake ya petroli, tope limejaa mpaka ndani ya kabureta. "Na hii mbona hamuandiki?" Kijana akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Mama, hapa haina mahali." Kwa kumwonea haya akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: *pampu 1*. Sidhani kama yupo aliyewahi kuyasoma maandishi hayo.

Nimeifikiria pampu ile kwa miaka. Nyumba ya mama ilikuwa ya miti na fito, udongo wa kukandika, makuti juu. Yeye na wanawe waliisimamisha upya katika wiki chache, kwa mikono yao. Pampu ilikuwa ya shilingi elfu ishirini na kitu, na hiyo haikandikwi kwa udongo. Wakati mzuri kuliko wote wa kulima bondeni ni baada ya mafuriko, ardhi ikiwa imelewa maji na rutuba mpya iko juu. Unyevu ule ukikauka, shamba linataka kumwagiliwa, mto uko hatua hamsini, na huna cha kuyapandisha maji. Kwa hiyo kilichopotea chini ya mwembe hakikuwa chombo cha elfu ishirini tu. Ndani yake mlikuwa na bamia, nyanya na mahindi ya msimu mzima, karo ya muhula, na deni la mbegu ambalo mwenye duka hakulisamehe. Fomu iliona kuta nne za udongo.

Kuna swali jingine ambalo fomu haikuuliza: maji yalikaa siku ngapi? Wakadiriaji wa hasara huanza na kina, kwa sababu alama ya maji ukutani inapimika kirahisi. Kwa nyumba ya mawe ya matumbawe mjini kipimo hicho kinatosha kiasi. Shambani muda ndio unaoua. Mahindi machanga yakifunikwa siku moja huweza kuinuka. Yakikaa siku tatu nne, mizizi hukosa hewa na shina huoza. Mpunga huvumilia zaidi, mwembe mkubwa zaidi tena. Kwa hiyo shamba lililopata maji ya magoti kwa wiki nzima limekwisha, na la jirani lililopata maji ya kifua yakapita kesho yake huenda limepata mbolea ya bure. Mama alikuwa na jibu tayari, usiku sita, lakini hakuulizwa.

Ukihesabu kuta peke yake, dawa inayokujia kichwani ni kuzihamisha kuta. Bonde linabaki kwenye ripoti kama mahali pa hasara tupu, wala haliandikiwi linachozalisha. Tope jekundu la Sabaki ni udongo wa Ukambani uliosombwa na mvua. Ndilo linaloichafua bahari yetu hadi mwenye hoteli akaona aibu mbele ya wageni, na ndilo lililousogeza ufuo wa ghuba ya Malindi mbele. Tope hilo hilo likitua shambani ni chakula. Si la kusifiwa kupita kiasi, kwa kuwa ni umaskini wa mkulima wa Machakos na Makueni unaotufikia sisi, lakini hesabu isiyoliona si hesabu.

Halafu huko "juu" ni wapi? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mtu aliyetii mwito wa 2018 akahamia juu, miaka michache baadaye alikuwa kwenye foleni ya chakula cha msaada. Magarini inalijua hili tangu zamani: mradi wa makazi ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia uliwapa watu mashamba kwenye nchi kavu, na maji yakawa ndiyo shida isiyokwisha. Na Mgiriama, mwenyeji wa huku, akiambiwa ahame Sabaki hakuanza kulisikia hilo kwa chifu wa leo. Mwaka 1914 Waingereza waliamuru watu waondoke kaskazini ya mto huu huu, wakachoma nyumba, na baada ya vita vile watu wakarudi. Ofisa anayeshangaa ukaidi wa bondeni angeuliza kidogo habari za Mekatilili, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, kabla ya kuitisha baraza.

Nakubali kuna vijiji vya kuhamishwa bila mjadala, hasa palipo na kona ambako mto unaila kingo kila mwaka. Kwingine, wengi niliozungumza nao wanataka jambo dogo kuliko linavyofikiriwa: kulala juu, kulima chini. Kinachowazuia ni kwamba huko juu hawana hati ya kiwanja, na wanahofia kwamba wakishatoa mguu bondeni, mwingine atatia ua. Mwandishi wa sera akiwapa kiwanja bila kuwanyang'anya shamba, nusu ya ukaidi huo huisha.

La onyo nalo lingesaidia kuliko turubai. Mvua inayotuzamisha hainyeshi kwetu. Hunyesha Nairobi na Ukambani, ikapitia Tsavo, na mara nyingine mto hufura mbingu ya Malindi ikiwa nyeupe. Safari hiyo huchukua siku, na siku moja inatosha kupakia pampu kwenye bodaboda. Ukame ulipata mamlaka yake ya kitaifa, NDMA, mwaka 2011. Mafuriko, hadi mvua za 2024, yalikuwa bado yanarushwa kati ya kaunti, Nairobi na Msalaba Mwekundu, kila mmoja na fomu yake.

Yule mama nilimkuta tena baada ya mafuriko ya 2023. Safari hii alikuwa amesikia kwa jamaa zake wa upande wa Langobaya kwamba mto unapanda, akaitoa pampu mapema ikalala kwa kaka yake huko juu. Nyumba ilikwenda na maji kama ile ya kwanza. Januari alikuwa anamwagilia. Waandika hasara walishapita kwake, wakauliza watu, nyumba, choo, mbuzi. Kwa mujibu wa fomu, hasara yake ilikuwa sawasawa na ya 2018.