Tableti Imepona, Mwenyewe Ndiye Mgonjwa

Jameni, Nairobi hii hata kifaa hakiruhusiwi kuzeeka kwa amani. Tableti yangu ni Nexus 7 ya mwaka 2013, ile iliyotengenezwa na ASUS kwa ajili ya Google. Niliinunua ya mtumba pale Luthuli Avenue, na mpaka leo skrini yake inang'aa. Ila Android yake iliachwa kwenye 6.0.1, na tangu hapo imekuwa ni matusi tu. Programu ya benki ilinikatalia hata kuona salio, eti kifaa changu si salama. Salio lenyewe nani ataliiba?

Basi kijana wa nyumba ya juu, hawa wanaokesha na laptopu, akaniambia: "Mzee, usiitupe hiyo. Tuiwekee Ubuntu Touch, mfumo mwingine wa kuiendesha badala ya Android." Akanisomea historia nzima. Kwamba mfumo huo ulianzishwa na kampuni ya Canonical, ikatangaza kuuacha mwaka 2017, kisha watu wa kujitolea wanaoitwa UBports wakauokota na wanaulea bure. Nikamuuliza, hao wa kujitolea kodi ya nyumba wanalipa na nini? Akajifanya anatafuta waya.

Kazi ikaanza. Kwanza lazima lifunguliwe kufuli la ndani la tableti, lile linalozuia kuwekewa mfumo mwingine, na likifunguliwa tableti inafuta kila kitu. Picha zote za harusi ya shemeji zikaenda. Hapo sikulalamika. Kilichonishtua ni kwamba sasa kila inapowaka, chini ya neno Google kuna kikufuli kidogo kimeachwa wazi. Mtu wa Kayole unamwonyesha kufuli wazi halafu unamwambia alale usingizi! Faili likaanza kushuka, na bando langu likashuka nalo bega kwa bega.

Ikawaka. Nayo nyepesi, siwezi kuisingizia. Lakini vile vitufe vya chini havipo. Kila kitu kinavutwa kutoka ukingoni. Kushoto unavuta orodha ya programu, kulia madirisha uliyofungua, juu mipangilio. Mama Wambui alikuwa anasugua katikati ya skrini kama anatoa masizi kwenye sufuria.

"Vuta ukingoni!"

"Baba Wambui, ukingo upi? Mimi nataka YouTube ya mapishi."

Na ukifunga skrini kuna duara kubwa linalotakiwa kukuonyesha shughuli zako za siku. Langu limeandika kwa Kiingereza kwamba halina data yoyote. Hata mashine imegundua sina shughuli.

Balaa lenyewe lilikuwa WhatsApp. Hakuna. Duka lao, OpenStore, lina programu za kuandika kumbukumbu na michezo kadha wa kadha, lakini WhatsApp yenyewe halina. Na mimi simu yangu ni mulika mwizi. Maisha yote yalikuwa kwenye tableti. Chama kiko huko, darasa la Wambui liko huko, na keateka akifungua maji anatangaza huko huko. Siku ya maji majirani wanajaza mitungi, mimi nimekaa kitandani navuta ukingo wa kulia. Kuja kujua, mfereji unakohoa hewa.

Nikapanda juu kudai haki yangu. Kijana akanieleza kwa upole kwamba kuna kitu kinaitwa Waydroid, kinaendesha programu za Android ndani ya Ubuntu Touch.

"Yaani tumeing'oa Android ili tuirudishe kwa mlango wa nyuma?"

"Ndiyo, mzee. Ila kwa tableti yako haitawezekana, kernel yake, yaani kiini cha mfumo, ni ya zamani."

Nilishuka ngazi bila kuaga.

Wambui peke yake ndiye anayefurahia. Amegundua ile terminal, dirisha la kuandikia kompyuta amri, anaandika vitu gizani na kucheka peke yake, nami sithubutu kuuliza. Juzi kijana akashuka kumsalimia, jicho likaangukia simu ya mama yake pale mezani. "Mama, na hii yako ni ya mwaka gani?"

Mama Wambui aliinyakua, akaitia ndani ya blauzi, akamfungulia mlango.