Bakshishi Haidaiwi na Mashine

Mimi hutoa bakshishi. Naanza na hilo ili nisiitwe mchoyo kabla sijafika mbali. Nilijifunza kwa kumtazama mzee mmoja akimuaga kijana aliyembebea mizigo: walipeana mikono, noti iliyokunjwa ikahama bila neno. Kijana hakuitazama hata. Aliisikia kwa vidole, akatabasamu.

Kinachonikera ni mashine ya kulipia kwa kadi. Unageuziwa kioo: asilimia 15, 18, 20. "Bila bakshishi" imejificha chini kabisa kwa herufi ndogo, kana kwamba ni tusi. Mhudumu anaangalia pembeni, anajifanya hakuoni. Nyuma yako foleni. Na siku hizi unaulizwa hata kabla hujahudumiwa, sasa sijui unashukuru nini! Niliwahi kubonyeza 20 kwa chupa ya maji niliyoitoa kwenye friji kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitoka nimenuna, na wa kumnunia alikuwa mimi.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, na asili yake ni kutunuku. Wafaransa husema "pourboire", yaani hela ya kinywaji. Ni kitu kidogo, cha hiari. Tunu ikishapangiwa asilimia, hiyo ni kodi.

Najua nitakachojibiwa: mhudumu anaishi kwa hiyo hiyo. Kweli, na hapo ndipo hasira yangu inapomhama mhudumu na kumwendea bosi wake. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mfanyakazi wa bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi ndiyo ijazie hadi kima cha chini cha dola 7.25, isipofika ndipo mwajiri afidie. Kwa maneno mengine mteja anasaidia kulipa mishahara, na anayeonekana mbaya asipotoa ni yeye. Ufaransa gharama ya huduma imo ndani ya bei, ukiacha sarafu mbili tatu ni uungwana wako. Japani mhudumu anaweza kukukimbilia nje akurudishie pesa ulizoacha mezani, akidhani umezisahau. Na huko watu wanahudumiwa vizuri mno.

Halafu kuna suala la nani anaipata. Uingereza ilibidi itungwe sheria, ikaanza kutumika Oktoba 2024, kuwakataza waajiri kujikatia bakshishi za wafanyakazi. Mambo hayafiki huko bure.

Kwa hiyo siku hizi nauliza, kwa sauti ya chini: "Hii ya kwenye mashine inakufikia?" Wengine husema ndiyo, nami nabonyeza. Majuzi dada mmoja alicheka kidogo, akatupa jicho kaunta, hakujibu. Nikabonyeza sifuri. Uso ukamshuka, mpaka nilipompa mkono wa kwaheri.