Tipu Imeruka, Mechi Imesimama

Jamani, jana kwenye pool tipu imeruka, ile ngozi ya nchani mwa fimbo. Ingeruka kwenye mazoezi tungenyamaza, lakini ni mechi ya ligi, fremu ya mwisho, mpira mweusi uko mdomoni mwa shimo. Jamaa kapiga, tik! Nyeupe, ule mpira wa kupigia, imekwenda kivyake bila kugusa kitu, na ngozi ya nchani imetua kwenye sahani ya mishikaki ya watu.

"Mbili hizo!" anapiga kelele nahodha wa wageni, akidai mipigo miwili ya adhabu.

"Mbili za nini, kaka? Fimbo si ya baa?"

Mwamuzi, ambaye ndiye mchoma nyama, kaitwa kutoka jikoni na koleo mkononi. Kaamua faulo, na ni kweli: nyeupe isipogusa mpira wowote ni faulo, fimbo iwe ya baa au ya Sultani. Sasa wageni wapigie nini? Fimbo ya pili imepinda. Iviringishe mezani uone ncha inavyorukaruka.

Ndipo akainuka yule mzee wa pembeni. Mnamjua. Kila baa anaye. Friji ikigoma ni yeye, redio ikikoroma ni yeye.

"Leteni fimbo. Nina supagluu."

"Mzee wangu, kwangua kwanza gundi ya zamani."

"Gundi hushika gundi, kijana."

Haishiki! Unakwangua kwa wembe mpaka uso wa ile pete ya shaba ya nchani mwa fimbo uwe safi na bapa. Tipu mpya unaisugua mgongo kwenye msasa uliolazwa juu ya kitu kilichonyooka, maana ngozi ikibaki na tumbo itagusa katikati tu na itaruka tena. Tone moja la gundi linatosha. Unabana, unaiacha ikauke vizuri, unageuza fimbo kichwa chini juu ya kipande cha ubao, unakata inayozidi shaba, kisha unaizungushia msasa mpaka ipate mviringo wa ukingo wa sarafu.

Mzee kamwaga nusu chupa juu ya ile ngozi ya mishikaki, ina mafuta bado. Gundi nyingi inanyonywa na ngozi, inakuwa jiwe, chaki haikai, kila ukipiga pembeni inateleza. Hayo tungeyavumilia. Lakini kabana kwa kidole gumba, kahesabu mpaka sitini kwa sauti ya hakimu, kisha kavuta mkono. Fimbo ikaja nayo.

"Msinivute," kasema, kwa heshima zake zote.

Nahodha wa wageni kaangalia saa. "Mzee, sisi tuna mbili zetu. Sogea nayo mezani tupige."

Wallahi, wamempeleka! Mpigaji kainama nyuma, mzee mbele kashikilia ncha. Mwamuzi kauliza kama kidole gumba kikigusa nyeupe ni faulo ya nani. Simu ya mzee ikaita: mama watoto. Aipokee kwa mkono upi? Imebidi dada wa kaunta alete beseni la maji ya moto na sabuni, lile la kuoshea glasi. Kidole kimetoka polepole. Tipu imebaki ndani ya beseni.

Na mwenye meza sarafu anazikusanya kila siku! Tipu ni kipande cha ngozi tu, boksi lake linaingia mfukoni. Hanunui. Kitambaa hakijawahi kupigwa brashi, na brashi yenyewe ni kuelekea upande mmoja tu, kutoka pa kuvunjia kwenda pa kupangia mipira. Bia ikimwagika wanasugua badala ya kudidimiza kitambaa kikavu. Chaki inatobolewa shimo kwa kuzungushwa, badala ya kufutwa juu ya ngozi, inaishia kwenye shaba. Mguu wa meza umewekewa kizibo cha soda, wakati una skrubu ya kupandishia. Mpira ukienda taratibu, unaelekea chooni.

Ile nyeupe ya asili nayo ilishapotea. Ilikuwa ndogo kidogo, mashine ya meza ikiitambua na kuitema. Sasa wameweka ya kuazima, saizi sawa na wenzake, ikidumbukia inamezwa jumla. Kuifungua ni sarafu nyingine, na sarafu ya mia mbili siku hizi uipate wapi? Konda anakwambia hana chenji. Duka la Mangi linakurudishia pipi. Mifuko imejaa pipi, na meza haili pipi.