Ardhi ya Mlima Fako irudi kwa nani?

Mlima Fako, ambao ramani nyingi zinauita Mlima Kamerun, unapanda zaidi ya mita 4,000 karibu kabisa na ufuko wa Atlantiki. Kwenye miteremko yake, kuanzia Buea hadi Limbe, ndiko waliko Wabakweri, watu ambao lugha yao, Mokpwe, ni ya Kibantu kama Kiswahili. Udongo wa volkano umewapa rutuba, na rutuba hiyohiyo ndiyo iliyowaletea mgogoro unaokaribia miaka 130: nani mwenye ardhi iliyo chini ya mashamba makubwa ya migomba, mipira na michikichi?

Chanzo hakina utata mwingi. Mwaka 1891 Wajerumani walipanda Buea kwa silaha. Watu wa chifu Kuva Likenye wakawarudisha nyuma na kumuua kiongozi wao, von Gravenreuth. Wajerumani walirejea Desemba 1894 na nguvu kubwa zaidi, wakaivunja Buea. Mwaka 1896 ikatoka amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Na nani aliamua kwamba haina mwenyewe? Mkulima wa majimbi hupumzisha shamba miaka kadhaa, mbuzi wake hula mbali na nyumba. Afisa aliona kichaka akaandika "tupu". Vijiji vikasogezwa kwenye vipande vidogo, kampuni zikapanda kakao.

Waingereza walipoichukua sehemu hii baada ya Vita vya Kwanza, waliyanadi mashamba hayo, na mwaka 1924 Wajerumani walewale wakayanunua tena kwenye mnada wa London! Vita vya Pili vikayaondoa mikononi mwao kwa mara nyingine. Wabakweri wakadhani zamu yao imefika. Mwaka 1946 Kamati ya Ardhi ya Wabakweri ilipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, miaka sita kabla Kirilo Japhet hajasimama New York kuwatetea Wameru wa Tanganyika, ambayo nayo ilikuwa koloni la Kijerumani lililowekwa chini ya udhamini. Wote wawili walisikilizwa kwa heshima wakarudi mikono mitupu. Ekari zipatazo 250,000, sehemu kubwa zikiwa kuzunguka mlima, zilikodishwa kwa miaka 60 kwa shirika jipya la umma la kuendesha mashamba hayo, CDC (Cameroon Development Corporation).

Wanaopinga madai haya wana hoja moja dhaifu na moja nzito. Dhaifu ni ile ya sheria ya 1974 iliyoifanya serikali ya Kamerun kuwa mlinzi wa ardhi yote. Sheria inayokuja miaka 80 baada ya unyang'anyi haiwezi kuwa ushahidi kwamba unyang'anyi haukutokea. Hoja nzito ni watu. Mashamba yalijengwa kwa jasho la wafanyakazi kutoka nyanda za juu za Bamenda na hata mashariki mwa Nigeria. Tanga wangeitwa manamba. Wajukuu wao wamezaliwa kambini na hawana kijiji kingine. Bado wenyeji wana jina la kuwabeza, la Kipijini (Kiingereza cha mitaani), lenye maana ya "waliokuja wasiondoke". Ukisema "ardhi irudi kwa wenyewe", familia hizi zinasikia "nyinyi mtoke". Na ndio waliolipa gharama kubwa tangu vilipopamba moto vita vya wanaotaka kulitenga eneo la wazungumzaji wa Kiingereza na Kamerun: watu wenye silaha wamewashambulia shambani, baadhi wakakatwa vidole kwa kosa la kwenda kazini.

Lakini tazama walichoomba Wabakweri wenyewe. Serikali ilipotangaza mwaka 1994 kuibinafsisha CDC, kamati yao ilifufuka, na baadaye ikafika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Walitaka watambuliwe kuwa wenye ardhi, walipwe kodi ya pango, wapewe hisa na viti kwenye bodi. Hawakudai mtu afukuzwe. Mwaka 2004 Tume ilikataa kuisikiliza kesi kwa kuwa hawakuanza na mahakama za nyumbani. Kwa utaratibu ni sawa. Kwa haki, swali lilibaki palepale.

Wasiwasi wangu uko kwingine: hiyo kodi atapokea nani? Wabakweri wana kumbukumbu kali kuhusu mali inayoingia kwa mtu mmoja. Zamani waliamini uchawi uitwao nyongo (si ile ya ini): tajiri anamuua ndugu yake kwa siri, kisha anamtumikisha kama mzuka kwenye mashamba yasiyoonekana ya Mlima Kupe, mlima mwingine wa Kamerun. Watu waliogopa hata kuezeka bati wasije wakashukiwa. Maofisa wa kikoloni waliona nyumba duni wakasema hawa ni wavivu. Ushirika wa migomba ulipoleta fedha miaka ya 1950, vijiji vilichanga, vikaleta dawa ya kinyago cha Obasinjom kutoka kwa kabila la Wabanyang iwafichue wachawi, ndipo mabati yakaanza kung'aa. Mimi nasoma hapo jambo la akili kabisa: fedha ilipopita mikononi mwa wengi, hofu ilipungua.

Leo mambo yanakwenda kinyume. Vipande vya ardhi ambavyo CDC imeviachia vijiji vya Fako vimekuwa vikilalamikiwa kwamba vinapitia kwa machifu na maofisa, vinageuka viwanja, vinauzwa. Mjukuu wa aliyenyang'anywa na Mjerumani anakuta safari hii ardhi imeuzwa na mtu wa ukoo wake. Kwa hiyo naunga mkono umiliki utambuliwe na pango lilipwe, likiwemo la nyuma, lakini liingie kwenye mfuko wa pamoja wenye hesabu zinazosomwa mbele ya kijiji, na mikataba ya makazi ya wafanyakazi iandikwe siku hiyohiyo. Hati ikiandikwa kwa jina la chifu peke yake, ni afadhali ardhi isubiri.