Dampo likihama, msiwalaumu waliolalamika

Wakazi wa mtaa wowote Dar es Salaam wakijipanga kupinga dampo, hawakosi kuulizwa: mnataka uchafu uende kwa nani? Swali hilo lina uzito, na historia ya jiji inalipa nguvu kuliko wanaharakati wengi wanavyopenda kukiri.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao. Walishinda. Jiji lilipoomba liongezewe muda wa kumwaga taka pale, Jaji Lugakingira alikataa mwaka 1991, akisema kuchafua mazingira namna hiyo kunahatarisha haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Malori yakageukia Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi 795 wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti, baadaye Mtoni, na leo ni Pugu Kinyamwezi. Anayesema mzigo uliwaangukia wasio na wakili hajakosea.

Ila wanaosimulia mkasa huu huruka kipande kimoja. Watu wa Kunduchi hawakuomba malori yafukuzwe tu. Waliomba pia halmashauri iamriwe kutenga dampo linalofaa na kulitumia kwa mujibu wa sheria, na mahakama ikawapa amri hiyo. Walidai kitu ambacho kingewalinda hata wakazi wa Vingunguti. Aliyekuwa na wajibu wa kukitekeleza si wao.

Dampo linalofaa linajulikana. Chini panatandikwa udongo mfinyanzi ulioshindiliwa au plastiki nzito, mifereji inakusanya maji meusi yanayochuruzika, na kila jioni taka zinafunikwa kwa udongo. Usipofunika, nzi wanazaliana humo. Zaidi ya nusu ya taka za Dar ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Yakirundikwa yakakosa hewa yanatoa gesi ya methani, ndiyo maana dampo linafuka moshi kwa wiki nzima na maji ya boza hayalizimi. Taka za masoko kama Buguruni na Mabibo zikitenganishwa zikawa mboji, harufu inapungua sana bila kuhamisha chochote. Hilo ndilo dai ambalo halimpelekei jirani uchafu, na mitaa inayojipanga vizuri huliandika.

Lawama nyingine ni kwamba wananchi wanapiga kelele bila ushahidi. Mara nyingi ni kweli, na inaumiza kwa sababu inarekebishika. Barua yenye saini 200 bila muhtasari wa mkutano wa mtaa na mhuri wa mwenyekiti huonekana ya watu binafsi. Nakala isiyogongwa mhuri wa kupokelewa ni sawa na barua ambayo haikuandikwa. Malalamiko yakihusu mto au mfereji unaochafuliwa na kiwanda, sampuli ya maji ikichotwa chini ya bomba la kiwanda pekee, mwenye kiwanda atajibu kwamba uchafu umetoka juu. Zinatakiwa mbili, juu na chini ya bomba, saa ileile, chupa imesuuzwa kwa maji yaleyale, ikae kwenye barafu mpaka maabara, na afisa mazingira awepo akishuhudia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamruhusu kila mtu kufungua shauri. Ila ukiishtaki halmashauri, notisi ya siku 90 hutangulia, na wengi hutupiwa nje kesi kwa kuisahau, si kwa kukosa haki.

Upande wa pili una hoja moja ambayo sioni mitaa ikiijibu vya kutosha: waokotaji wa taka. Dampo likifungwa ghafla, anayeuza chupa na vyuma chakavu kwa kilo anakosa mlo wa siku hiyohiyo. Madai yanayotaka banda la kuchambulia taka, lenye maji, glavu na mizani, yanapaswa kuandikwa naye akiwa mezani, na jina lake liwe kwenye muhtasari kama la mkazi mwingine yeyote.